Wiki ya Kumshawishi Mama Queen

Jumapili, 14 Oktoba 2007

Tumefika salama. Mungu ni mwema! Maili elfu kumi na nane kwa mwaka mmoja, tairi mbili tu zimepasuka, na ndoa bado nzima. Nimeegesha Bi Mkubwa katika kambi ya magari hapa College Park, jimbo la Maryland, kati ya mti mkubwa na familia moja ya Wajerumani. Niliweza kwa jaribio la nne. Wajerumani walipiga makofi.

Nieleze, kwa ajili ya wajukuu watakaosoma shajara hii siku moja. Bi Mkubwa ni gari-nyumba. Futi thelathini na moja, la mwaka 1994, jeupe. Lina kitanda, jiko, choo, na turubai la ubavuni linalofunguka kwa kuzungusha chuma. Ndimo tunamoishi mimi na mke wangu Adela, kiangazi na baridi, hatuna nyumba nyingine duniani. Jina nilimpa mimi. Adela halitumii. Yeye husema "hilo dude lako".

Miaka kumi na minane niliendesha basi dogo la hoteli pale Herndon. Hoteli, uwanja wa ndege, hoteli, uwanja wa ndege. Nilipostaafu nikaapa sizunguki tena, sasa nanyoosha! Adela naye alikuwa amechoshwa na zamu za hospitali. Tukauza nyumba yetu ya Gaithersburg. Lakini Adela ni mtu wa Moshi, hakubali jambo bila maandishi. Akachukua bahasha ya sadaka akaandika nyuma yake: mwaka mmoja, kuanzia 21 Oktoba 2006. Ukiisha, ataamua yeye peke yake kama tunaendelea au tunauza dude na kurudi kuishi ndani ya kuta kama watu wengine. Nikatia sahihi. Siku ile mwaka ulionekana mrefu.

Unaisha Jumapili ijayo.

Na adui yupo. Phineas Mutai, Mkenya wa Springfield, rafiki yangu wa miaka ishirini. Amempigia Adela simu mara tatu kumwambia besimenti ya nyumba yake, yaani ghorofa ya chini ya ardhi, iko wazi. Ina mlango wake, jiko lake, na hodhi la kuogea, la kujilaza kabisa. Adela alinieleza habari za hodhi hilo mara mbili, na macho yake yalikuwa mbali.

Kwa hiyo nina mpango. Kila siku nitampeleka mahali tulipopazoea, tukiwa ndani ya Bi Mkubwa. Ataona kwamba mwenye nyumba ana mtaa mmoja, na sisi tunayo yote. Sitamwambia lengo. Mtu wa Moshi ukimwambia lengo anaanza kulipima.

Asante Mungu kwa akili ulizonipa.

Jumatatu, 15 Oktoba

Gaithersburg. Barabara kuu ya I-270 ilikuwa imesimama, kama tulivyoiacha. Nikashukuru! Miaka yote nilikwama pale nikiwa nimechelewa kazini. Leo nimekwama bila kuchelewa popote. Adela alichemsha chai katikati ya foleni, na dereva wa lori la pembeni akaomba kikombe kwa ishara. Akapewa.

Lengo la leo: Adela aone jinsi nyumba yetu ya zamani ilivyokuwa ndogo. Nilitaka aseme tuliwezaje kuishi humu. Nilisahau kwamba mtaa nao ni mdogo. Kuingia niliingia vizuri. Kutoka ilibidi iwe kinyumenyume, na huko sijajaliwa. Adela alisimama nyuma akinionyesha kwa mikono. Nilifuata mkono wa kulia. Yeye alikuwa akiwasalimia majirani.

Kioo cha pembeni kikagonga sanduku la barua. Sanduku lile nililisimika mwenyewe mwaka 1993, kwa mifuko miwili ya saruji, na nikatangaza mtaa mzima kwamba hakuna gari litakaloling'oa. Nilisema kweli. Kioo kimekatika, sanduku halina hata mkwaruzo. Nilijivunia kidogo.

Mwenye nyumba wa sasa ni mama mmoja wa Kihabeshi. Alitoka mbio, akanikuta nalipapasa sanduku lake. Nikamweleza kwamba mimi ndiye fundi. Akatukaribisha ndani. Nyumba haikuonekana ndogo hata kidogo, ameipaka rangi nyeupe imekuwa kama ukumbi. Hasara! Halafu akampeleka Adela nyuma ya nyumba, na pale palikuwa na sukuma wiki zile zile Adela alizozipanda, zimefika magotini. Yule mama akamchumia mfuko mzima. Adela akatokwa na machozi.

Njiani alisema neno moja tu, kwamba zimestawi hata bila yeye. Uchungu mtupu huo. Anaitamani nyumba.

Kioo nimekifunga kwa khanga yake. Sikuomba ruhusa, na hilo nimelisikia vya kutosha.

Jumanne, 16 Oktoba

Herndon. Lengo: huruma. Nilitaka Adela auone ule mzunguko uliokula miaka yangu kumi na minane, aseme masikini mume wangu, huyu asizungushwe tena na mtu. Nilivaa hata kofia yangu ya kazi ili huruma ije haraka.

Mwili una mazoea yake. Nilipoikaribia hoteli mkono ukakata kona wenyewe. Mguu ukakanyaga breki pale pale penye mstari wa njano. Nikafungua mlango. Na watu watano wenye masanduku wakapanda!

Gari jeupe, dereva mwenye kofia, nani aulize? Mmoja alikaa kitandani. Bibi mmoja mzee alishangaa kwamba siku hizi basi lina jiko, akasema hoteli imepiga hatua. Nilimwangalia Adela awaeleze kwamba hii ni nyumba ya watu. Adela akawauliza nani anatumia sukari.

Ningefanya nini? Watu wana ndege. Nikawapeleka. Pale uwanjani askari wa barabarani aliniuliza hii ni hoteli gani, nikamjibu kwamba ni hadithi ndefu. Akasema nieleze nikiwa naondoka. Abiria walinipa mikono mmoja mmoja, na yule bibi akamkumbatia Adela.

Niseme ukweli, kwa kuwa kwa sasa shajara haisomwi na mtu. Nilifurahi! Nilikuwa sijui kwamba nimeyakumbuka masanduku. Nilimshukuru Mungu kwa kazi ile niliyoilaani kila Jumatatu kwa miaka kumi na minane.

Lakini mpango umeharibika. Adela alicheka kuanzia uwanjani hadi kambini, akawa anajifuta macho kwa mkono. Mtu niliyetaka anihurumie ananicheka! Siku imepotea bure.

Jumatano, 17 Oktoba

Springfield, kwa Phineas. Sikutaka kwenda. Adela alitaka.

Phineas alitoka nje na tochi, saa tano asubuhi, jua linawaka. Akamzunguka Bi Mkubwa akimulika uvunguni. Akakifikia kioo. "Ai! Respicius! Kioo umefunga na leso? Hii gari iko na mwenyewe kweli?" Nikamwambia ni ya muda. Akasema tairi ya nyuma nayo ni ya muda, na bampa, na dereva. Mkewe Jerotich akamkanya, akatukaribisha chai. Jerotich ni mtu mzuri sana. Alimpataje yule, sijui.

Kisha tukashushwa besimenti. Ni nzuri. Naandika neno hili kwa uchungu. Zulia jipya, madirisha mawili, na hodhi jeupe refu kama mtumbwi. Phineas akafungua maji ya moto ili Adela ayasikie yanavyoanguka. Hila za wazi kabisa! Jerotich akaleta taulo. Adela akafunga mlango.

Saa nzima na dakika arobaini. Nilikaa kwenye ngazi nikihesabu. Alikuwa anaimba. Ndani ya Bi Mkubwa hajawahi kuimba hata siku moja, kwa sababu ndani ya Bi Mkubwa mimi ndiye ninayeimba.

Nikaamua kutafuta unyevunyevu. Besimenti zote zina unyevunyevu, ukiutafuta kwa nia. Nikapita ukutani nikinusa, kuanzia mlangoni hadi nyuma ya friji. Phineas akanikuta nimepiga magoti, pua imegusa ukuta. Nikasema naistaajabia rangi. Akafurahi sana. Akaniambia ni ya aina gani, ilipakwa mikono mingapi, na akanipa kopo lililobaki. Ninalo hapa chini ya kitanda. Sijui la kulifanyia.

Adela alitoka akinukia waridi. Alimshukuru Jerotich, akasema maji yalikuwa mazuri mno, na sasa twende nyumbani. Hakuna aliyeuliza nyumbani ni wapi. Nadhani alimaanisha Gaithersburg.

Jumapili inakuja. Nimekosa hamu ya kula. Nilikula kidogo tu, sahani mbili.

Jumatano hiyo hiyo, jioni

Nimepata! Sherehe!

Alhamisi, 18 Oktoba

Mpango mpya, na huu una akili kuliko yote. Jumamosi saa kumi alasiri, sherehe ya ghafla kumshangaza Adela, ya kushukuru kwa mwaka mmoja wa safari. Watu wanane tu, waliochaguliwa. Kila mmoja nimempangia la kusema. Violet, katibu wa chama chetu cha Watanzania, atasema Adela amenawiri. Mchungaji Simiyu wa ibada ya Kiswahili ataomba kuhusu wana wa Israeli jangwani, lakini aseme tu jinsi walivyotunzwa, asitaje manung'uniko. Mtu akisikia watu wanane wakimsifia maisha yake, Jumapili atasema nini? Ataandika mwaka wa pili kwa mkono wake mwenyewe!

Tatizo ni mahali. Kambini haturuhusiwi kuleta umati. Mwenye eneo kubwa la kuegesha mbele ya nyumba ni mmoja tu. Nikampigia Phineas. Nikamwambia ni shukrani, sikumwambia ni vita. Akakubali papo hapo, akanifanya nijisikie vibaya, halafu akasema nyama atachoma yeye. Nilisema mimi ndiye mchomaji. Akasema mara ya mwisho nilipochoma waliita zimamoto. Hilo ni uongo. Zimamoto walipita wenyewe.

Jerotich atamtoa Adela asubuhi, atampeleka kusukwa nywele, na kumrudisha saa kumi na nusu.

Nilimweleza binti yetu Queen kwa simu. Nilizungumza dakika kumi kwa Kiswahili fasaha. Akanijibu kwa maneno mawili. "Dad, no." Watoto wa huku hawana subira na mipango mirefu. Lakini atakuja akitoka kazini.

Nashukuru hata hivyo. Mtu aliyekaa ugenini miaka ishirini na mitano akipiga simu nane na zote nane zikajibiwa kwa furaha, huyo ni tajiri.

Ijumaa, 19 Oktoba

Adela alikwenda kwa daktari wake asubuhi kupimwa presha. Alirudi anatabasamu, akaanza kunisimulia. Daktari alimwuliza amebadilisha nini. Sikusikia mwisho wake, nilikuwa nawaza viti. Nilimwambia vizuri sana mama.

Mchana nilipata upenyo. Nilimwambia naenda kutafuta kioo. Nikaenda kukuza picha yangu. Ni ile aliyonipiga Adela pale Grand Canyon, nimesimama peke yangu, nimenyoosha mikono, nyuma yangu mbingu tupu. Imetoka kubwa kama dirisha! Fremu zilizobaki dukani zilikuwa nyeusi tu, nikachukua nyeusi, inapendeza. Chini yake nimeandikisha kwa herufi za dhahabu: 2006–2007. Miaka ya safari yetu. Nitaiweka mezani, kitambaa cheupe, maua pande zote, na mshumaa wenye harufu ya vanila. Pia nimenunua kitabu kizuri chenye jalada gumu, watu waandike maneno yao ya moyoni, Adela abaki nacho. Viti arobaini nimeazima kanisani. Vinane vingetosha, lakini arobaini vinapendeza kwenye mstari.

Kioo sikutafuta.

Jumamosi, 20 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Naandika mambo kama nilivyosimuliwa na Jerotich na Phineas, kwa sababu sehemu kubwa sikuwepo, na huko kutokuwepo ndiko kulikoharibu.

Asubuhi mambo yalikwenda kama saa. Jerotich akamchukua Adela. Nikamwegesha Bi Mkubwa mbele ya nyumba ya Phineas, nikafungua turubai lote. Nikapanga viti chini yake na kwenye majani, mistari mitano, vyote vinaitazama meza. Juu ya meza picha. Maua. Mshumaa. Kitabu wazi, na kalamu. Nilirudi nyuma kutazama, nikaona hata machozi yananilengalenga kwa uzuri wake. Phineas hakuona chochote, alikuwa nyuma ya nyumba tangu saa sita na moshi wake.

Saa nane nikaazima pikapu ya Phineas kwenda kuchukua keki na maputo. Simu nikaiacha kwenye kiti cha Bi Mkubwa. Yale makutano ya barabara ya Springfield wamemaliza kuyajenga juzi juzi, madaraja juu ya madaraja, na sasa hata sisi wenyeji tunapotea. Nilipanda daraja moja nikajikuta naelekea Richmond. Niligeuka, nikajikuta naelekea Maryland. Niliiona nyumba ya Phineas kwa mbali mara mbili.

Huku nyuma Violet akawahi. Alipoingia mtaani akaona turubai. Akaona viti vya kanisa kwenye mistari, na meza, na mshumaa unawaka. Na picha yangu, kwenye fremu nyeusi, katikati ya maua, na miaka miwili chini yake. Na kitabu.

Mtu yeyote wa kwetu anajua kitu hicho ni nini. Na msibani hakuna anayeuliza. Unaingia kimya, unakaa, unainamisha kichwa, unasubiri kuambiwa. Violet akaingia kimya. Akakaa. Akainamisha kichwa. Ile miaka ilimtatiza kidogo, baadaye aliniambia, lakini akajua wafiwa wamechanganyikiwa wamekosea kuandika. Kilichomwuma zaidi ni turubai. Aliwaza, mpaka turubai wamemletea, kama nyumbani! Na Violet ndiye mwenye namba za simu za Watanzania wote kuanzia Baltimore hadi Richmond.

Kufikia saa tisa na nusu viti arobaini vilikuwa vimejaa na watu wengine wamesimama. Wanawake wamejifunga khanga viunoni. Masufuria ya pilau, ndizi, chapati, katoni za maji. Mchungaji Simiyu, ambaye alikuwa na maombi yake ya jangwani mfukoni, aliona umati akayaacha, akafungua Biblia mahali pengine. Kwaya ikaanza.

Phineas akasikia wimbo, akaja kutoka nyuma na uma wa kuchomea nyama mkononi. Anaona watu sabini wanalia mbele ya nyumba yake. Angeuliza! Lakini Phineas hajawahi kukubali kwamba kuna jambo nyumbani kwake asilolijua. Akaitazama picha, akakumbuka nimetoka na pikapu yake, akapiga hesabu zake. Akavua aproni. Akakaa kiti cha mbele akalia kwa sauti. Jerotich, aliyekuja kumkuta bado analia, anasema hajawahi kumsikia akilia hivyo, hata kwa baba yake. Violet akasimama akasema mwili lazima upelekwe kwetu Bukoba na kamati iundwe mara moja. Ikaundwa pale pale. Mwenyekiti: Phineas Mutai.

Wakati huo Violet alishampigia Jerotich kule saluni. Na habari kama hiyo haitolewi kwa simu. Unasema tu, mleteni mama nyumbani, msimwambie kitu. Jerotich akajua ni sehemu ya mshangao wetu. Akamtoa Adela kitini, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama, na njia nzima akawa anatabasamu.

Adela akashuka garini. Akaona turubai lake mwenyewe. Akaona picha aliyoipiga mwenyewe. Wanawake wakamwendea mikono imefunguliwa. Jerotich anasema hakupiga kelele. Alikwenda akakaa kwenye ngazi ya mlango wa Bi Mkubwa, akaweka mkono kwenye chuma chake, akatulia hivyo. Robo saa nzima.

Ndipo mimi nikafika. Maputo kumi na mawili, keki imeandikwa HONGERA. Nikaona umati. Watu sabini, kwa ajili yetu! Wengine wanalia kwa furaha! Nilijaa shukrani nikashindwa kujizuia. Nikanyoosha mikono juu kama kwenye picha, nikapaza sauti: "Karibuni! Karibuni sana! Mmependeza!"

Mama mmoja alikimbia hadi mtaa wa pili. Violet alipiga ukelele ambao nadhani ulisikika ubalozini. Mwenyekiti wa kamati alisimama akaniuliza, kabla ya yote, pikapu iko wapi. Halafu akanikumbatia mpaka keki ikafutika herufi.

Adela alikuja polepole, kiatu mkononi. Alinipiga nacho mara tatu begani, kwa nguvu. Kisha akaning'ang'ania shati na hakuliachia. Nikamwambia samahani, mama. Nilisema samahani mara nyingi. Hiyo haikuwa mipango. Hiyo ilitoka yenyewe.

Mchungaji Simiyu alisema kwa kuwa watu wapo na chakula kipo, ibada igeuke ya shukrani. Hakuna aliyeondoka. Queen alifika akitoka kazini, akatazama picha, mshumaa, kichwa cha mama yake, mimi. Akasema "Dad" tu. Akachukua sahani. Tulikula, tukaimba, tukacheza. Nyama ya Phineas ilikuwa imeungua kwa sababu ya kilio. Nilimwambia ni nzuri. Nilimaanisha.

Kitabu ninacho. Watu walikuwa wameandika tayari. Mmoja ameandika kwamba nilikuwa dereva mwenye moyo mkubwa asiyejua kurudi nyuma. Mwingine kwamba nilimpokea uwanja wa ndege mwaka 1991, sikumjua, nikamlisha wiki mbili. Nilikuwa nimesahau. Phineas ameandika mstari mmoja: "Ndugu yangu, sasa mimi nitabishana na nani?" Alitaka kuuchana ukurasa ule. Sikumpa.

Nimebarikiwa. Sina neno lingine. Mtu aliyeyasoma maneno hayo akiwa hai, na tumbo limejaa, adai nini tena kwa Mungu?

Adai kesho tu. Adela kalala ameshika shati langu.

Jumapili, 21 Oktoba

Tumerudi kambini. Baada ya ibada Adela aliketi mezani, akaitoa ile bahasha ya sadaka, akaniambia nikae.

Akasema jana, kwenye ile ngazi, kwa robo saa nzima alikuwa mjane. Watu walikuwa wakimwambia atahamia besimenti ya Phineas, atatunzwa. Na yeye alikuwa akiwaza funguo ziko wapi. Alishaamua kwamba wakishanizika Bukoba atarudi, atajifunza kuliendesha dude, na atakwenda peke yake hadi kule mtoni West Virginia nilikounguza uji, halafu Tennessee, halafu kila mahali tulipolala, pamoja na pale nilipomsahau kituo cha mafuta. Alitaka kupaona tena pote. Alilia kwa sababu aliona atapita pote hapo bila mtu wa kuimba vibaya.

Nikamwuliza, kwa hiyo hodhi? Akasema hodhi ni la kutembelea. Nikamwuliza, na zile sukuma? Akasema alilia kwa furaha, kwa sababu aliziona hazimhitaji tena. Na daktari amemwambia presha yake haijawahi kuwa nzuri hivi kwa miaka kumi, na kwamba alinieleza hilo juzi nikasema vizuri sana mama. Akasema uamuzi wake alishaufanya tangu mwezi wa saba, pale pale mtoni. Ningemwuliza angeniambia. Ningemwuliza siku yoyote ya wiki hii.

Akaandika: mwaka wa pili, kuanzia leo. Akaongeza mstari: Respicius asipange tena jambo lolote la ghafla. Nikatia sahihi. Nililia kidogo. Kisha akasema, "Haya, tuondoke kesho mapema, Bi Mkubwa anataka mafuta." Bi Mkubwa! Kwa jina lake!

Asante Mungu. Kwa mke huyu, kwa marafiki hawa, hata kwa Phineas. Amekuja leo jioni na kioo kipya, akakifunga mwenyewe kwa bisibisi, akairudisha khanga imekunjwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini gari kama hili lina nafasi ya watu wanne kwa wiki moja hivi. Nikamwambia nitafikiria.

Nimeketi sasa kuitafakari wiki hii kwa utulivu, kama mtu mzima. Ukiitazama vizuri, mpango ulifanikiwa kila hatua. Ilibidi Adela aione nyumba, acheke Herndon, aoge Springfield, na kukutwa na yale ya jana, ndipo akaandika mwaka wa pili. Nisingepanga, asingeandika. Ule mstari alioongeza naona unahusu mambo madogo madogo.

Tarehe 17 Novemba Adela anatimiza miaka sitini. Nimeshampigia Violet, kwa siri, awaalike watu wote. Viti kanisa wamesema nikae navyo tu. Turubai ninalo. Mshumaa umebaki nusu. Na ile picha yangu tutaitoa kwenye fremu, tuweke ya Adela. Kubwa zaidi.